Kifua Safi

Geita, 11 Februari 2024

Kwa shangazi yangu Bi Zuhura,

Assalaam alaykum na shikamoo. Mimi mzima wa afya, ila watu wamenichosha.

Uliniambia nije kuisomea kazi hii ya eksirei kwa utulivu. Shangazi, utulivu huku haupo. Chuo kimetuleta hospitali hii kwa mafunzo ya vitendo, na msimamizi wangu ni Bwana Stanslaus, mtu mrefu asiyecheka, ambaye siku nzima anaangalia picha zangu na kusema neno moja: "Rudia." Kurudia maana yake mgonjwa apigwe mionzi mara ya pili kwa uzembe wangu. Marudio yakizidi, sifuzu.

Mwezi huu tunajifunza vifua. Mgonjwa anasimama akiukumbatia ubao, mimi nakwenda nyuma ya kioo napaza sauti: vuta pumzi, shikilia, achia. Rahisi, siyo? Basi waulize wachimbaji dhahabu. Huko kwenye maduara, ndivyo wanavyoyaita mashimo yao, "vuta" ni amri ya kupandisha mfuko wa mawe kwa kamba. Juzi nimesema "vuta!" na baba mzima akaushika ubao kwa mikono miwili akauvuta kwa nguvu zake zote. Niliposema "achia" akaruka pembeni asije akaangukiwa na mawe. Bwana Stanslaus alitazama ile picha akaniuliza kama nimepiga mtu au ngoma ya Wasukuma.

Sasa nikugombeze kidogo. Mwanao Nassibu ameniambia unalalamika kifua. Nilipokupigia ukasema "haya si mambo ya simu" ukakata. Haya, nimekuandikia. Unakohoa? Makohozi yana rangi gani? Nenda ukapigwe picha ya kifua, ni jambo la asubuhi moja tu.

Mwanao,
Raudha


Nyasubi, Kahama, 17 Februari 2024

Mwanangu Raudha,

Waalaykum salaam na marahaba. Barua yako nimeipokea kwa konda wa basi, imekunjwa kama sambusa.

Unauliza kwa nini nakata simu. Simu haina pazia. Hii yangu inashikwa na watoto wa nyumba nzima, ujumbe ukiingia wanausoma kwa sauti kabla sijavaa miwani, na Nassibu, pamoja na utu uzima wake, ndiye kinara wao. Ya kwetu wanawake nitakuandikia, na wewe uniandikie, ufunge bahasha kwa gundi ya kutosha.

Ni kweli kifua kinanisumbua. Upande wa kushoto, tangu kabla ya Maulidi. Sikohoi. Sina makohozi ya rangi yoyote, na hilo swali usiliulize tena mtu akiwa anakula. Kuna kitu tu kimekaa, hakipandi wala hakishuki. Nimekwenda kliniki moja hapa mjini, kijana aliyenipokea hakuinua hata uso, akaandika "kifua" akanielekeza chumba cha picha. Huko wakanivua nguo ya ndani ya juu, wakanisimamisha kwenye ubao wa baridi, nikashikilia pumzi mpaka nikaona nyota. Mwisho wa yote nikapewa chupa ya dawa ya kikohozi. Nimewaambia sikohoi. Wakasema nywa tu, mama.

Picha yenyewe nakuletea pamoja na barua hii. Isome wewe uliyesomea. Na usiwaonyeshe wanaume mbavu zangu.

Biashara ya vitenge si mbaya. Wiki ijayo nimeitwa kumfunda bi harusi mmoja. Wasichana wa siku hizi wanaongea kama wanapiga mnada wa ng'ombe, nitakuwa na kazi.

Wako shangazi,
Zuhura binti Salmini


Geita, 25 Februari 2024

Shangazi,

Shikamoo. Picha imefika salama. Wanaume nimemwonyesha mmoja tu, Bwana Stanslaus, nisamehe, ndiye anayesahihisha kazi zangu. Amesema aliyeipiga anajua kazi. Hajawahi kunisifu mimi hivyo, kwa hiyo nimemchukia mtu wa Kahama ambaye hata simjui.

Nimeisoma kama tulivyofundishwa, kutoka juu kwenda chini. Mitulinga, ile mifupa ya chini ya shingo, imelingana pande zote mbili, maana yake hukupinda. Mbavu zinahesabika, maana yake ulivuta pumzi vizuri. Moyo ni wa ukubwa wa kawaida. Mapafu hayana doa, hayana maji, hayana kifua kikuu, hayana hata vumbi kama haya ninayoyaona huku kila siku. Nimeandika maelezo yangu nikamaliza kwa maneno mawili: kifua safi. Bwana Stanslaus akatia tiki. Ni tiki yangu ya kwanza, shangazi, na nimeipata kwa mbavu zako!

Kwa hiyo hicho kinachokusumbua ni moshi. Jiko la mkaa ndani ya ukumbi, halafu juu yake udi asubuhi na jioni. Acha kujifukiza udi mwezi mzima uone. Ninakujua, utasema nyumba isiyonukia si nyumba. Acha hivyo hivyo.

Huku tumepewa aproni nzito za risasi za kuzuia mionzi. Mchimbaji mmoja aliiangalia yangu akaniuliza hapa hospitali mnapigana na nani.

Raudha


Nyasubi, 4 Machi 2024

Raudha,

Marahaba. Udi nimeacha. Jiko limehamia uani, napikia juani kama niko msibani. Kifua kiko vilevile.

Umeniandikia "kifua safi" na umefurahi, nami nimefurahi kwa ajili ya tiki yako. Lakini mwenye kifua ni mimi, na ninakwambia si safi. Hiyo mashine yenu inaona mifupa, inaona moyo, inaona mpaka vumbi la wachimbaji, halafu haioni kitu ambacho mimi nakigusa kwa kidole? Basi mmesomea nini?

Nimerudi kule kliniki. Nikamwonyesha yule kijana ulivyoandika, akasema kifua changu safi, akanipa chupa nyingine ya kikohozi. Nimempa Nassibu anywe, yeye ndiye anayekohoa, kwa sigara zake.

Soma tena. Labda umeishika juu chini.

Shangazi yako


Geita, 9 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo. Soma barua hii ukiwa umekaa peke yako, na usiichane kabla ya kufika mwisho.

Juzi ameletwa mama mmoja, Mbuke, mke wa mchimbaji, anakohoa kweli. Ni mama mwenye mwili, na kwa wanawake wa namna hiyo kivuli cha matiti hufunika sehemu ya chini ya mapafu, kwa hiyo inabidi umwombe ayasogeze kila moja upande wake kabla hajaugusa ubao. Nikamwambia kwa adabu zote nilizolelewa nazo: "Mama, naomba usogeze kifua pembeni." Akasogea yeye mzima. Nikapiga, picha ikatoka imepinda. Nikamwomba tena, taratibu, "Kifua, mama, pembeni kidogo." Akapinda zaidi, maskini, mpaka bega moja likatoka nje ya ubao.

Bwana Stanslaus akaingia amenuna. "Huyu umemwambia nini?" Nikasema nimemwambia asogeze kifua. "Kifua kipi? Kifua ndicho tunachokipiga picha! Asogeze kifua akipeleke wapi, Mwanza?" Kisha akasema, "Binti, sema titi. Kila kiungo kina jina lake. Ukiita titi kifua, utampiga picha mtu mwingine kabisa." Mama Mbuke naye akageuka. "Kumbe ni maziwa? Si ungesema, ng'wanone, mwanangu! Mimi nashangaa mtoto anataka nitoke nje ya mwili wangu." Akayasogeza, nikapiga, picha ikatoka safi. Nimeandikiwa marudio mawili.

Nimetoka pale nikaenda kukaa chooni, maana nimekumbuka nimelitoa wapi neno hilo. Ni wewe uliyenifundisha nilipovunja ungo. Ulisema, "Mwanamke hana titi mbele za watu, ana kifua."

Shangazi, nakuuliza kwa heshima na kwa hofu. Unaposema kifua kinakusumbua, unasema mapafu, au unasema titi? Hicho unachokigusa kwa kidole, unakigusa wapi?

Picha ile haiwezi kuonyesha uvimbe wa titi. Hata ungekuwa mkubwa namna gani, mimi ningetazama mapafu na kuandika safi.

Nijibu kwa basi la kwanza.

Raudha


Nyasubi, 14 Machi 2024

Raudha,

Barua yako imefika nikiwa na wageni sebuleni. Nimeisoma nusu nikaikunja nikaificha kifuani, na ndiyo, nimesema kifuani, na kila aliyezaliwa na watu anaelewa maana yake.

Siku ya tatu ya mwezi mtukufu unaniandikia neno lile kwa wino. Umelirudia, nimehesabu, halafu unaniambia umelelewa kwa adabu. Bwana Stanslaus asikufundishe lugha. Huyo kwao wanaita kitu chochote kwa jina lake, mbele ya baba mkwe na mbele ya ng'ombe. Kwetu maneno huvaa nguo. Nimewafunda mabinti wa Kahama yote, na hakuna hata mmoja aliyenirudia kunifunda mimi. Afadhali kujikwaa mguu kuliko kujikwaa ulimi.

Nimefunga, kichwa kinauma, futari haijaiva. Mambo ya hospitali tutayaona baada ya Idi.

Usiniandikie tena namna ile.

Zuhura


Geita, 18 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo, na uniwie radhi, maana leo nitakukosea zaidi.

Ukurasa mzima umenigombeza na hakuna mahali umekana. Ingekuwa mapafu ungeandika "ni mapafu, mjinga wewe" ukaendelea na futari yako. Hukuandika.

Baada ya Idi! Na baada ya Idi itakuwa baada ya harusi ya mtu, na baada ya harusi itakuwa mvua zimekata barabara. Kuchunguzwa hakufunguzi swaumu. Kupakwa mafuta ya baridi juu ya ngozi na kupitishiwa kifaa hakufunguzi, muulize shehe yeyote unayemtaka. Kama unaona haya kumuuliza, nitamuuliza mimi, na nitalitaja kwa jina lake!

Mficha uchi hazai, shangazi. Wewe ndiye uliyekuwa ukituambia hivyo tukificha majipu.

Najua umenikasirikia. Mimi nimejikasirikia zaidi. Picha yako ninayo hapa, na maelezo yangu yamebandikwa juu yake, kifua safi, na tiki. Kila nikiitazama natamani kuichana. Kwa tiki hiyo umepewa chupa ya pili ya kikohozi.

Nijibu haya tu. Ni upande gani hasa? Uvimbe una ukubwa gani? Ngozi imebadilika? Ukikaa kimya mpaka Jumapili nampigia Nassibu, nami nitaongea kwa sauti ili watoto wote wa nyumba wasikie.

Raudha


Nyasubi, 23 Machi 2024

Raudha,

Usimpigie Nassibu.

Nimezaa wanne, kwa hiyo methali yako hiyo kawape wengine. Lakini ndiyo. Ni huko. Kushoto, upande wa kwapani. Ukubwa wa kokwa la zambarau, mwanzoni ulikuwa kama punje ya dengu. Ngozi juu yake imeanza kuingia ndani kidogo. Hauumi, na ndiyo maana nilisema si kitu, kitu kibaya kingeuma.

Mara ya kwanza pale kliniki nilisema kifua nikaweka mkono juu yake kabisa. Nilidhani kijana ataona mkono umekaa wapi. Hakuangalia. Nilipoletwa kwenye ubao wa picha nikajua wamekosea, Raudha. Nilijua. Ila aliyekuwa pale ni mwanaume, na nyuma yangu kuna foleni, nikasema moyoni labda mashine itauona tu.

Sasa sikiliza. Sitaki kijana mwingine. Wewe umekaa huko miezi unajifunza mashine, basi njoo uniangalie wewe. Nitafunga mlango wa chumbani, nitazima taa ya ukumbi, utaangalia, utaniambia. Ukisema nikatwe nitakatwa. Ukisema ni kitu cha kupita nitashukuru. Mwingine sitaki.

Zuhura


Geita, 26 Machi 2024

Shangazi yangu kipenzi,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikalia, halafu nikakasirika, halafu nikalia tena, na Bwana Stanslaus amenituma nikanawe uso kwa sababu nawatisha wagonjwa.

Sitakuangalia. Sikiliza kwanza ndipo unune. Mimi ni mwanafunzi. Najua mifupa na najua vifua, vya kweli, vyenye mapafu. Uvimbe wa titi unaangaliwa kwa utrasaundi, na hiyo sijaruhusiwa hata kuishika peke yangu. Kuna na mashine nyingine inayolibana titi kati ya sahani mbili na kulipiga picha, hiyo nimeiona kitabuni tu. Nikija nikakupapasa gizani chumbani kwako nitakuwa nimefanya nini? Nitakuwa nimekuandikia kifua safi mara ya pili. Nilishakosea kwa kusoma vizuri kitu ambacho hakikuulizwa. Sirudii, hata ukinitoa kwenye ukoo.

Nimeuliza. Shinyanga mjini yupo Dada Juliana, alitufundisha chuoni, ni mwanamke, ana mikono mepesi na hana maneno. Anafanya utrasaundi Jumanne na Ijumaa. Ukifika mapokezi watakuuliza unasumbuliwa na nini. Shangazi, wakikuuliza, usiseme kifua. Ukisema kifua watakuandikia kifua, watakusimamisha kwenye ubao, na utarudi Nyasubi na chupa. Sema: nina uvimbe kwenye titi la kushoto. Maneno sita. Yafanyie mazoezi ukiwa uani, kuku hawasimulii mtu.

Usingoje Idi.

Raudha


Nyasubi, 17 Aprili 2024

Raudha,

Marahaba, na Idi njema iliyopita. Nilingoja Idi. Usianze.

Jana nimekwenda Shinyanga. Nimevaa baibui jipya, nimepanda basi la alfajiri, nimefika hospitali na maneno yako sita mdomoni kama dawa chungu. Kwanza, huyo Juliana wako yuko likizo ya uzazi! Umeniandikia ana mikono mepesi, hukuandika ana tumbo zito. Aliyekaa kwenye kiti chake ni kijana anaitwa Luka, ndevu hazijajaa, umri wa mwanangu wa mwisho.

Nikageuka kuondoka. Nilishafika mlangoni. Akaniita, "Mama, karibu, shikamoo, unasumbuliwa na nini?" Na mimi, mwanangu, maneno sita yote yakayeyuka. Nikasema, "Kifua."

Akachukua kalamu. Nikamwona anaandika, K, I, na mkono wake haukuwa na haraka wala ubaya wowote. Nikaona ubao wa baridi, nikaona chupa ya kikohozi, nikamwona Nassibu anaimaliza. Nikapandwa na hasira kiasi kwamba haya zikakosa pa kukaa. Nikasema, "Futa." Akauliza nifute nini, mama? Nikasema, "Futa hicho kifua. Ni titi. Titi la kushoto, lina uvimbe, andika hivyo hivyo." Nilisema kwa sauti ya mtu anayefukuza mbuzi. Nje kwenye benchi mtu akakohoa.

Akafuta. Hakucheka. Akamwita muuguzi wa kike aje akae nami, wakavuta pazia, wakanipaka hayo mafuta ya baridi, na kusema kweli kijana ana heshima kuliko wengi ninaowapokea dukani. Alitazama kwa muda mrefu. Aliniuliza maswali kisha akaacha kuuliza, na nikaona hilo. Akasema lazima niende Mwanza wakachukue kinyama kwa sindano, na niende wiki hii, siyo baada ya kitu chochote.

Unajua nilipotoka nilimkuta nani kwenye benchi? Chiku. Chiku wa duka la mafuta, hapa hapa Nyasubi! Alikuja kutibiwa mguu wake. Amesikia yote. Leo nimefungua duka, na kila anayenisalimia macho yake yanateremka. Wawili wameniletea uji. Miaka yote nimekaa mji huu kwa heshima, na sasa soko zima linajua nina nini na kiko upande gani.

Nimemwambia Nassibu. Alikaa chini sakafuni. Tunakwenda Mwanza kesho kutwa.

Usije. Una mitihani, na wewe ukija utalia, nami sina nafasi ya kumbembeleza mtu.

Shangazi yako


Geita, 21 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sijui kama barua hii itakukuta Mwanza au umesharudi. Nimemwomba konda amkabidhi Nassibu mkononi.

Juliana alikuwa mjamzito na mimi sikujua. Hakuna hata mmoja aliyeniambia, wote walisema "Juliana kapumzika." Kapumzika! Nimewagombeza wanafunzi wenzangu mpaka wamenikimbia.

Nimekasirika kwamba ulingoja Idi. Nimefurahi kwamba ulisema "futa". Vyote viwili vimo ndani yangu na vinagombana, na kazini leo nimemgombeza mchimbaji aliyevuta pumzi vizuri kabisa.

Majibu yakitoka niandikie kama yalivyo. Usiyavishe nguo. Nikisikia "mapenzi ya Mungu" bila maelezo nitapanda basi siku hiyo hiyo, mtihani au si mtihani.

Raudha


Nyasubi, 15 Mei 2024

Mwanangu Raudha,

Marahaba. Majibu yametoka, nimeyafuata juzi pamoja na Nassibu.

Daktari alikuwa kijana mwingine tena, sijui wazee wote wamekwenda wapi. Alitukaribisha vizuri, akafunga mlango, akakaa, akaanza kuzunguka. Akasema, "Mama, tumeona mabadiliko." Nikangoja. Akasema, "Siyo mabadiliko tuliyokuwa tukiyatarajia." Nikangoja. Akasema uvimbe una tabia ambayo inahitaji kufuatiliwa kwa karibu. Nassibu anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, na haelewi kitu, nikaona atatoka pale akiwaambia watu mama hajambo.

Nikasema, "Daktari, mwanangu, mimi kazi yangu ni kuvisha maneno nguo. Nimeifanya tangu hujazaliwa, na nguo uliyolivika hilo lako naijua mshono kwa mshono. Livue." Akatazama chini. Kisha akanitazama usoni, namshukuru kwa hilo, akasema, "Mama, ni saratani ya titi."

Nassibu alitoka nje. Mimi nilikaa.

Anasema haijafika mapafuni. Wamepiga picha nyingine ya kifua Mwanza, ya kifua cha kweli, na imetoka safi, kwa hiyo ulisoma sawa, acha kujitesa na ile tiki. Anasema lakini imefika kwapani kidogo, na kwamba ningekuja wakati ule wa punje ya dengu tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Hakuna aliyenificha hilo, nililiuliza mwenyewe. Titi lote watalitoa, Alhamisi ya tarehe ishirini na tatu. Baadaye dawa za mishipani, nywele zitanyonyoka. Nimemwambia nywele zangu anazijua Mungu na marehemu mume wangu tu, hizo zinyonyoke kwa raha zao.

Nimerudi nyumbani nikawakusanya wasichana wote wa nyumba hii, na wale wawili ninaowafunda, nikafunga mlango. Niliwaambia ninaumwa nini na kiko wapi, kwa majina yake. Mmoja akacheka kwa haya. Nikamwambia alitamke, na alipolitamka nikamwambia alitamke tena. Kisha nikawaonyesha jinsi ya kujipapasa, kama yule muuguzi wa Shinyanga alivyonionyesha. Walipoondoka nililia mpaka shungi likalowa. Nilililia titi langu, Raudha. Limenyonyesha watoto wanne, na wewe wa tano, mama yako alipokwenda.

Mtihani wako ni Jumatatu. Ufanye, na usinipotezee mgonjwa wa watu kwa kuniwaza mimi.

Nilikuandikia usije. Nimeandika uongo. Nassibu atakaa nje ya mlango wa upasuaji akivuta sigara, na nikiamka nitamkuta mtu asiyejua pa kunitazama. Wewe umeshajifunza kutazama. Ninaogopa, mwanangu, usiku na mchana, na leo nimeona niliandike hilo nalo kama lilivyo.

Jumanne panda basi. Njoo.

Zuhura